Stelingi hafi, lakini mkewe je?

Ndugu Mhariri,

Makala ya kijana wenu wa ukurasa wa burudani, ile ya Jumapili iliyopita, nimeisoma mara mbili. Mara ya tatu nikamwomba mjukuu anisomee kwa sauti, maana nilidhani labda miwani yangu ndiyo mbovu. Anasema picha za kijasusi za zamani zilipendwa kwa magari, bunduki na warembo, na kwamba leo hazina la kumpa mtu, kwa kuwa magari ya sasa yana mbio zaidi, bunduki zimeongezeka na warembo hawajapungua. Kwa hesabu hiyo hajakosea. Lakini akavuka mpaka, akaitaja On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969 kuwa ndiyo picha ya James Bond iliyoanguka, eti kwa sababu ya yule Bond wa kupita njia, George Lazenby. Hapo nikamwambia mjukuu anitafutie kalamu.

Mimi nilikuwa mtu wa mashine ya sinema. Nilianza kama mtoto wa baiskeli hapahapa Dar es Salaam, enzi ambazo mkanda mmoja ulionyeshwa majumba mawili ya sinema usiku uleule. Jumba la kwanza likimaliza mkebe, yaani kipande kimoja cha mkanda, naufunga kwenye keria na kuukimbiza la pili, na ole wangu nipate pancha njiani, watu walikuwa tayari kung'oa viti. Baadaye nikapandishwa juu, chumba cha mashine. Nikafundishwa kuwasha vijiti vya kaboni vya kutoa mwanga, kuvisogeza kadiri vinavyoliwa na moto, na kuvizia vile vidoa vinavyojitokeza pembeni mwa pazia, juu kulia: kidoa cha kwanza unaamsha mashine ya pili, cha pili unahamisha. Aliyekaa chini hatakiwi kugundua kwamba kuna kilichobadilika. Kwa miaka ishirini na ushei nimezitazama picha kupitia kidirisha cha ukubwa wa daftari, nyingine mara arobaini. Na picha ukiitazama mara arobaini, mara ya tano umeshalimaliza gari, mara ya kumi umeshaimaliza bunduki. Kuna kitu kinabaki baada ya hapo, au hakibaki, na hicho ndicho nataka kumweleza kijana wenu.

Vijana wa viti vya mbele, wale wa karanga kwenye koni za gazeti (lenu likiwamo), walikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Akitupwa baharini atatoka, akipigwa risasi itampata begani. Jumba zima linajua. Sasa nijibu, mwanangu: kama watu mia nane wanajua kwamba mtu huyu hafi, kwa nini wanashika viti? Wanaogopa nini?

Mtengenezaji mvivu hulijibu swali hilo kwa kuongeza maadui. Badala ya watano wanakuwa hamsini, na mlima mzima unalipuka. Fundi hafanyi hivyo. Fundi anachukua kitu kingine kinachoweza kufa, anakiweka mezani, anakupa muda wa kukipenda, ndipo anaanza kukisogeza ukingoni.

Kuna picha ya Alfred Hitchcock, Notorious, ya mwaka 1946. Hii sikuwahi kuipitisha kwenye mashine, nimeiona uzeeni kwenye televisheni ya mwanangu. Ingrid Bergman anatumwa Rio de Janeiro kuwapeleleza Wajerumani, na kazi inamtaka aolewe na mmoja wao. Anayempeleka kwenye ndoa hiyo ni Cary Grant, mwanamume anayempenda, na ambaye naye anampenda lakini amefunga mdomo kwa kiburi. Basi kunafanyika karamu. Kamera inaanzia juu kabisa, karibu na dari, unaona ukumbi mzima, wageni, mishumaa, ngazi. Inashuka polepole, inashuka, mpaka ukumbi wote umepotea na kwenye pazia pamebaki ngumi ya mwanamke na ufunguo ndani yake. Ni ufunguo wa stoo ya mvinyo, ameuiba kwa mumewe. Na saa ya hatari katika picha ile si bomu, ni shampeni: chupa mezani zinapungua, zikiisha mwenye nyumba atateremka stoo kuchukua nyingine na atagundua ufunguo haupo. Nilijikuta nahesabu chupa. Mzee wa umri wangu, mbele ya wajukuu, nahesabu pombe ya watu!

Hiyo ndiyo fahari ninayoisema. Ukumbi ni mkubwa, nguo ni za hariri, lakini yote hayo yamewekwa ili kile kitu kidogo mkononi kionekane kidogo. Ungempiga picha mwanamke yuleyule na ufunguo uleule jikoni kwake, usingeshika kiti.

Au From Russia with Love ya mwaka 1963. Hii niliipitisha sana, watu waliirudia kwa sababu ya ule ugomvi ndani ya behewa. Mimi niliirudia kwa sababu ya samaki. Bond yuko kwenye treni kutoka Istanbul na mtu anayejidai ni Mwingereza mwenzake, wanakula chakula cha usiku, wote wameagiza samaki, na yule mgeni anaagiza mvinyo mwekundu. Bond hasemi kitu. Baadaye, amepigishwa magoti mbele ya bastola, ndipo anajilaumu kwamba mvinyo ule ungetosha kumfungua macho. Sisi watu wa pwani mvinyo hautuhusu, lakini habari yenyewe tunaijua barabara: mgeni anaweza kuiga lafudhi yako, kanzu yako na salamu zako, ila subiri chakula kitengwe. Na katika picha hiyohiyo kuna yule mzee mcheshi wa Istanbul, Kerim Bey. Aliyemwigiza ni Pedro Armendáriz wa Meksiko, naye alikuwa anakufa kwa saratani wakati wanapiga picha. Sehemu zake zilitangulizwa ili awahi kuzimaliza, familia ipate fedha. Alifariki Juni 1963, picha ikatoka Oktoba. Nilipokuja kuyajua hayo sikuweza tena kumwangalia akicheka bila kusogea karibu na kidirisha.

Nirudi kwa Lazenby.

Ni kweli hakuwa mwigizaji. Alikuwa Mwaustralia aliyewahi kuuza magari na kupigwa picha za matangazo, na aliigiza Bond mara moja tu. Mwongozaji wake, Peter Hunt, naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza. Kabla ya hapo alikuwa mkataji na muungaji wa filamu za mwanzo za Bond. (Mliweke akilini hili la mkataji, kuna mahali nitalihitaji.) Mwenye uzoefu alikuwa Diana Rigg, aliyepitia jukwaa la Shakespeare, ndiye Tracy, mwanamke ambaye mwanzo wa picha anaingia baharini alfajiri kwa hatua za mtu asiyepanga kurudi.

Kijana wenu anasema picha ile ina vifaa vya ajabu vya kijasusi. Avitaje. Bond amefungiwa na adui yake mkuu, Blofeld, kwenye chumba cha mitambo ya gari la waya, juu kabisa ya mlima Schilthorn kule Uswisi, mita 2,970 kutoka usawa wa bahari. Anatokaje? Anachana mifuko ya suruali yake, anaivaa mikononi kama glovu, ananing'inia kwenye waya wenye barafu. Mifuko ya suruali! Hicho ndicho kifaa. Baada ya hapo anateremka mlima usiku kwa ubao wa kuteleza, wanamfukuza, na zile picha za mbio kwenye theluji hazikufanywa zote kwa hila: Willy Bogner aliteleza kinyumenyume, kamera mkononi. Aliyekuwa akipiga picha za angani, Johnny Jordan, alining'inizwa kwa mikanda chini ya helikopta, mtu ambaye mguu wake mmoja ulikwishaliwa na kazi hiyohiyo katika picha ya Bond iliyotangulia. Mrudishe mbele ya kompyuta mtu anayesema hiyo ni picha ya kizamani.

Lakini mlima nao niliumaliza, mara ya kumi na mbili hivi. Kilichobaki ni benchi.

Bond amefika kijijini. Ni Krismasi, watu wanacheza, fataki, nyimbo. Maadui wamejaa kila kona. Anashtuliwa na mpiga picha wa mitaani aliyevaa ngozi ya dubu mweupe, na pale kwenye uso wa Lazenby unaona kitu ambacho sikukiona kwa Sean Connery, Bond wa kabla yake, hata siku moja: mtu huyu anaogopa. Amechoka. Anakaa kwenye benchi kando ya uwanja wa barafu, anainua kola ya koti, anainama kama mtu anayesubiri wamkute. Kisha viatu vya kuteleza barafuni vinakuja, vinasimama mbele yake. Anainua macho. Ni Tracy.

Hapo jumba lilikuwa linalipuka kwa vifijo usiku baada ya usiku, na mimi juu mikono inanitetemeka, kidoa kingekuja nisingekiona. Mwigizaji bingwa angeifanya hofu ile kwa madaha. Yule muuza magari hakujua madaha, akaogopa tu. Halafu si Bond anayemwokoa mwanamke, ni mwanamke anamtia kwenye gari lake na kuliendesha yeye mwenyewe, wakajificha kwenye banda la ng'ombe wakati wa tufani ya theluji, na ni hapo kwenye majani makavu mpelelezi mkuu wa Malkia anaposema anataka kuoa. Akina mama wa balkoni walipiga vigelegele. Sitanii.

Picha ina dakika 142, na watu waliilalamikia urefu. Mimi nasema urefu ule ndio uliotumika kutupa muda wa kupenda. Mapema kabisa kuna dakika kadhaa ambazo hakuna anayemfukuza mtu: wawili wanapanda farasi, wanatembea bustanini, wanatazama pete kwenye dirisha la duka, na Louis Armstrong anaimba We Have All the Time in the World, kwamba muda wote wa dunia ni wao. Muziki ni wa John Barry. Armstrong mwenyewe alikuwa mgonjwa miezi ile, na Julai 1971 akafariki. Mtu anayekaribia mwisho anawaimbia vijana kwamba hakuna haraka.

Niseme kidogo la pembeni, maana najua atakayeniandikia. Sauti hiyohiyo ilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, Oktoba 1960, Armstrong akizungushwa Afrika kwa udhamini wa serikali ya Marekani, huku Patrice Lumumba amezingirwa na askari nyumbani kwake katika mji uleule, na mkuu wa CIA wa mji huo, Larry Devlin, akiwa kazini. Januari 17, 1961 Lumumba akauawa Katanga. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ujasusi wa kweli una pete na farasi. Sisi wa upande huu tunaujua. Hata Drive-In ya Msasani, ambako familia zilikwenda na magari na mito kuangalia picha za namna hii, leo pamesimama ubalozi wa Marekani, na wasomaji wenu watacheka au wasicheke wapendavyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kweli.

Mkanda wa kwanza wa picha ile ya Lazenby tuliupata mwanzoni mwa miaka ya sabini, umeshazunguka miji mingine, mikebe saba. Nikaupitisha. Mkebe wa saba una mbio za vigari vya kuteleza kwenye barafu, halafu harusi huko Ureno. Moneypenny, karani wa ofisini kwao Bond, analia, Bond anamrushia kofia yake, gari lenye maua linaondoka kufuata njia ya pwani, na paaap, mwanga mweupe. Mkanda umeisha. Nikawasha taa. Watu wakatoka wanaimba. Kwa majuma mawili jumba lilijaa, na mimi kila usiku nilidhani picha imeisha hapo, maana ingeishia wapi tena? Stelingi hafi, na safari hii kaoa.

Ila jambo moja lilinisumbua. Mkanda unaochakaa mwishoni huchanika ovyo, unakuwa na meno kama msumeno. Ule ulikuwa umenyooka. Mkasi.

Mwaka mmoja na kitu baadaye ukaja mkanda mwingine, mzima. Nikaupitisha bila kuujaribu mchana, kwa kuwa picha naijua. Gari likaondoka na maua yake, nami nikanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Picha ikaendelea. Gari linasimama kando ya njia. Bond anashuka kuyaondoa maua. Gari jingine linapita kasi, bunduki inalia. Anaruka kwenye usukani, anapiga kelele kwamba ni Blofeld, anageuka. Tracy ameinamisha kichwa, na kioo cha mbele kina tundu. Askari wa pikipiki anakuja, na Bond anamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna tatizo, mke wangu anapumzika tu, tutaendelea na safari, hakuna haraka, muda wote wa dunia ni wetu. Ni yale maneno ya Armstrong. Halafu kile kioo chenye tundu, basi.

Niliwasha taa. Hakuna aliyesimama. Watu mia nane wamekaa, wanatazama pazia jeupe, wanangoja. Stelingi hajalipiza! Sauti moja ya kiti cha mbele ikapaza: “Opareta, weka mkebe wa nane!” Nikatoa kichwa kwenye kidirisha nikasema hakuna wa nane. Wakanitukana kidogo, kwa heshima ya mwezi wenyewe, maana Ramadhani ilikuwa imekaribia. Bwana mmoja alimfuata tajiri yangu akidai pesa yake kwa sababu ameuziwa picha isiyokamilika. Na wengi walitoka hawasemi kitu, nje wakasimama makundi makundi barazani mpaka muuza kahawa akamaliza birika.

Sasa sikilizeni. Miaka imepita, na nimekutana na watu wa makundi yote mawili. Walioiona na mkasi wanakumbuka theluji, wanakumbuka mlima, mwanamke hawamkumbuki jina. Walioiona nzima, nikiwataja tu kioo cha gari, wananiambia walikuwa wamekaa safu ya ngapi. Kwa kipimo cha futi 90 kwa dakika, kilichokatwa ni futi 270 hivi katika mkanda unaokaribia futi 12,800. Na kumbe aliyeitengeneza picha alikuwa mkataji kwa taaluma, akaamua pale hapakatwi, halafu mkataji mwingine asiyejulikana akamsahihisha!

Wenye picha wenyewe waliliogopa tundu lile. Mwaka 1971 alirudishwa Connery, akaanza kwa kumsaka Blofeld, lakini jina la mke halikutajwa. Ilibidi tungoje mpaka For Your Eyes Only, 1981, tumwone Bond na maua makaburini, jiwe limeandikwa Teresa Bond, 1943–1969, na chini yake yale maneno ya muda wote wa dunia. Na mwaka 2021, miaka 52 baada ya harusi ile, picha ya mwisho ya Daniel Craig kama Bond ilipokwisha, majina yakipanda, sauti ya Armstrong ikarudi. Mjukuu wangu akaniuliza mbona babu unafuta miwani. Nadhani kijana wenu wa ukurasa wa burudani naye aliusikia wimbo ule akadhani ni mpya.

Lazima niwe mkweli kwamba nyumbani kwangu sina mfuasi. Mama watoto aliiona ile ya mkasi. Tulikuwa hatujaoana, nilimpa tiketi ya bure ya balkoni, na usiku ule tulitembea kwa miguu mpaka kwao Kariakoo akinieleza nguo ya bibi harusi kana kwamba mimi sikuiona. Mkanda mzima ulipokuja alikuwa na mtoto mchanga, hakutoka. Niliporudi nikaanza kumsimulia mwisho, akaniziba mdomo kwa kiganja. Hadi leo ikionyeshwa kwenye televisheni anakaa nami tangu baharini, mlimani, kwenye benchi, kwenye banda. Kofia ya Moneypenny ikirushwa tu, ananyanyuka, anakwenda kuangalia maharage. Hata kama siku hiyo hatujapika maharage. Anasema wale wawili wako Ureno, wamezeeka, na kwamba mwenye mkasi ndiye fundi pekee katika habari yote hii.

Hatujawahi kukubaliana na sitarajii. Ila ninaomba nafasi kwenye ukurasa wenu kwa jambo moja. Kama kuna mzee mwenzangu aliyekuwa mtu wa mashine mwanzoni mwa miaka ya sabini, popote mkanda ule ulikopita kabla ya kutufikia, na anakumbuka mkebe wa saba wa picha hii, naomba aniandikie kupitia kwenu. Sitamlaumu. Nataka kujua kama aliagizwa na tajiri aliyehofia viti vyake, au alikuwa na mtu wake balkoni usiku huo. Na zile futi 270, kama hakuzichoma, nitagharimia posta.

Opareta mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam